Shajara ya tangi la maji chumvi: mchanga uliogeuka rangi mara nne

Tangi lipo sebuleni kwetu Fuoni, Unguja. Urefu wake sentimita 100, upana 45, kimo 45, lita 200 hivi. Naandika kila hatua inapoisha, ili anayetaka kuiga aige na anayetaka kukwepa makosa yangu ayakwepe. Kuunganisha vioo na kufunga taa sitakueleza sana, hayo fundi atakufanyia. Kilichonila muda, pesa na usingizi ni mchanga. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

14 Januari 2024: Tangi limejaa

Vioo vya milimita 10, silikoni na kazi ya fundi: 260,000. Pampu mbili, moja ya chujio na moja ya kusukuma maji ndani ya tangi: 85,000. Taa ya LED: 70,000. Haidromita (kipima chumvi ya maji) na vipimo vya amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki), naitreti na fosfeti (chakula cha mwani) nimeletewa na jamaa aliyekuwa Dubai, vyote 175,000. Mawe ni ya bure: matumbawe makavu ya ukuta wa zamani uliobomolewa hapa mtaani. Nimeyakwangua chokaa na kuyaroweka wiki mbili, maji nikibadilisha kila siku ya pili.

Maji tulichota jana Fumba, madumu kumi ya lita 20, kwa gari ya kukodi ya 30,000. Nilitaka kwenda wiki moja nyuma, mvuvi mmoja wa kule akanizuia kwa simu. "Maji mafu huchoti maji, sheikh, unachota taka. Subiri bamvu, uje saa kumi maji yamejaa." Nikasubiri mwezi uandame, siku za bamvu ambapo bahari hujaa na kutoka kwa wingi kuliko siku za maji mafu. Kweli maji yalikuja safi, haidromita ikasoma 1.025.

Mchanga nimepewa na jirani anayejenga, nusu gunia mbili, nikauosha kwenye beseni mpaka maji yakaacha kuchafuka. Nimeumwaga wote, kina cha sentimita nane, kwa sababu moja tu: ulipendeza. Una wekundu kidogo kwa mbali.

4 Februari 2024: Vumbi la kahawia

Wiki ya tatu. Mchanga umevaa vumbi la kahawia, kama mtu amepepeta unga wa mdalasini juu yake. Lipo mpaka kwenye vioo. Ukipitisha kidole linatoka lote, halina utelezi wala nyuzi, na maji yakitikisika linapeperuka.

Hizi ni diatomu, viumbe vidogo vya chembe moja vinavyojijengea magamba ya silika. Tangi jipya karibu lote hupitia hapa. Zinahitaji mwanga na silikati, na silikati nilikuwa nazipelekea mwenyewe bila kujua. Kipindi hiki cha kaskazi joto ni kali, tangi linapoteza kama lita mbili kila siku kwa kukauka, nami nilikuwa najazia maji ya bomba. Maji yetu ya bomba yanatoka kisimani na yamepita kwenye miamba. Yanapokauka tangini kinachoruka ni maji tu, kila kilichoyeyuka kinabaki. Siku ishirini, lita arobaini, hesabu yake unaiona juu ya mchanga.

Tangu leo najazia maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, dumu la lita 20 kwa 2,500, linatosha wiki. Nimeweka na konokono sita wa baharini.

Kosa la hatua hii ni mwiko. Kila asubuhi nilikuwa naukoroga mchanga kwa mwiko wa ugali ili sehemu ya kahawia iende chini na nyeupe ije juu. Mpaka alaasiri kahawia imerudi, na maji yamekuwa kama chai ya rangi. Bi mkubwa akaniuliza kama napika. Nimeacha kukoroga juu juu, lakini kama utakavyoona sikuacha kabisa.

24 Februari 2024: Harufu ya yai viza

Vumbi la kahawia lilikuwa limeanza kupungua lenyewe, na tarehe 10 nilitia samaki: watatu wadogo wenye mistari myeusi na tasi mmoja wa urefu wa kidole, wote kutoka kwa mvuvi wa madema. Amonia sifuri. Nikajiona fundi.

Jana usiku nikaona kwenye kioo cha mbele, chini kabisa ya mchanga, mstari mweusi wa kama sentimita mbili, na madoa mengine yanapanda kama wino umemwagika kwenye karatasi. Nikadhani ni uchafu uliozama. Leo asubuhi nikauchukua mwiko tena na safari hii nikauzamisha mpaka kwenye kioo cha chini, nikapindua.

Mapovu yalitoka makubwa, mazito, moja moja. Halafu harufu. Mayai viza kumi yamepasuliwa sebuleni. Mke wangu alifungua madirisha yote kabla hajaniuliza kitu. Samaki wakapanda juu kuhema, midomo wazi kwenye uso wa maji, mmoja wa wale wenye mistari akawa anazunguka ubavu ubavu. Ndani ya saa moja wawili walikuwa wamekufa.

Nilichojifunza kwa hasara: mchanga mzito wa sentimita nane, chembe zake ndogo, maji hayapiti chini. Oksijeni ikiisha kule, wanabaki bakteria wasioihitaji. Wao huchukua salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo kwa wingi, na kutoa haidrojeni salfaidi, hewa yenye sumu na harufu ile. Weusi wenyewe ni salfaidi ikikutana na chuma. Na mchanga wangu wa kujengea ule wekundu wake ni nini kama si chuma? Nilikuwa nimeleta pishi zima la weusi nikalitandaza kwa mikono yangu.

Kama umeshaona weusi chini ya mchanga wako, usiuguse samaki wakiwa ndani. Ukiuacha umelala si hatari kama ukiufumua. Mimi nilishaufumua, kwa hiyo nikatoa kila kitu: samaki na konokono kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, mawe kwenye beseni chini ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari ili bakteria wazuri wanaokula amonia wasife kwa kukauka, maji masafi ya juu kwenye madumu. Mchanga ukatoka kwa kata, ndoo kumi na moja. Jirani wa upande wa pili alituma mtoto kuuliza kama choo chetu kimejaa.

Jambo moja dogo: nilimwaga ndoo za mwanzo chini ya mpapai uani. Ulikuwa umeshika mapapai manne. Chumvi imeumaliza. Mchanga wa tangi umwage pasipo mti.

9 Machi 2024: Ndimu, na mchanga wa kuja na boti

Kabla ya kurudia kosa nilitaka kujua mchanga gani ni upi. Njia ni rahisi: weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu kwenye kikombe, kamulia ndimu, sogeza sikio. Mchanga wa matumbawe na makombe utachemka, utausikia unanong'ona kama soda iliyofunguliwa, povu jeupe linapanda. Ule wa kujengea uliobaki kwenye gunia nao niliukamulia. Kimya. Ukalala chini ya maji ya ndimu kama kokoto, maana wingi wake ni kwazi (quartz), jiwe gumu kama kioo, nayo haibishani na asidi.

Ule mweupe wa pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ungechemka vizuri, kwa kuwa ni matumbawe, makombe na mwani wa chokaa uliosagika. Lakini mchanga wa pwani hauchotwi tu kwa kupenda, na fukwe zetu zinaliwa na bahari vya kutosha bila mimi kuongeza gunia langu. Kwa hiyo nimeagiza Dar mifuko miwili ya kilo kumi ya mchanga wa aragonaiti, aina ya chokaa kama ile ya matumbawe na makombe: 190,000, na 10,000 ya boti. Kwenye bandari mpagazi aliuliza mfuko una nini. Nikamwambia mchanga. Akaushusha begani, akaniangalia, akasema, "Umenunua mchanga Dar ukauleta Unguja?" Nikamlipa nikaondoka.

Nimetandaza sentimita tatu tu. Kina hiki kinafikiwa na mpira wa kunyonya uchafu mpaka chini, na hewa inapita. Kina cha kati kama kile changu cha nane, kwa mtu asiye mzoefu, ni mtego.

Amonia ilipanda hadi 0.5 kwa siku nne kisha ikashuka. Samaki wawili waliobaki na tasi… samahani, mmoja na tasi. Hata hesabu inaniuma.

27 Machi 2024

Vumbi la kahawia limerudi kwenye mchanga mpya. Sijaligusa. Siku kumi na nne limeondoka. Sina la kuongeza hapa.

18 hadi 30 Aprili 2024: Utando mwekundu

Wiki moja baada ya sikukuu. Pembe ya kushoto, nyuma ya jiwe kubwa, mchanga umefunikwa na kitu chekundu cha rangi ya zambarau ya kuiva. Si vumbi. Ukikinyanyua kwa ncha ya kijiti kinakuja kipande kizima kama utando wa maziwa yaliyopoa, chini yake mchanga mweupe kabisa. Saa tisa mchana utando umejaa vipovu vidogo, unavimba. Asubuhi kabla ya taa ni mwembamba, karibu haupo.

Hii ni sayanobakteria, bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga kama mimea, na vile vipovu ni oksijeni yao. Wanapenda sehemu ambayo maji yamesimama na chakula kimezidi. Nikakaa chini nikahesabu. Mwezi mzima wa Ramadhani samaki walikuwa wanalishwa na kila mtu. Mimi baada ya tarawehe, watoto baada ya futari, bi mkubwa akirusha vipande vya kamba vilivyobaki jikoni "na wao wafuturu". Halafu pampu ya kusukuma maji nilipoifungua nilikuta kichujio chake kimeziba nywele za mwani, inasukuma nusu ya nguvu zake. Fosfeti 0.3, naitreti 5. Pembe ile ya kushoto maji yalikuwa yamelala.

Dawa ya kweli ilikuwa hapo tayari: safisha pampu, igeuze ielekee pembe ile, vuta utando kwa mpira mwembamba, funga mikono ya walishaji. Badala yake nikatafuta njia ya mkato. Niliambiwa eritromaisini inaua utando huu, nikanunua vidonge vya 4,500 nikaviyeyusha. Siku ya tatu mchanga ulikuwa mweupe kama kanzu ya Ijumaa. Siku ya tano amonia ikasoma 0.5, kwa sababu dawa haichagui bakteria vizuri kama nilivyotaka, na tasi akaacha kula. Siku ya kumi na mbili utando umerudi palepale, pembe ileile.

Sipendekezi. Na hata ingekuwa inafaa, antibaiotiki ya binadamu kuimwaga kwenye maji ya samaki ni kuwafundisha vijidudu wengine kuizoea.

5 Mei 2024

Jana kimbunga Hidaya kilipiga upande wa Mafia, na sisi tukapata upepo na mvua. Kwetu umeme ulikatika saa tisa mfululizo. Pampu ya hewa ya betri, 35,000 na kununuliwa Januari kwa ushawishi wa mke wangu, ndiyo iliyowaweka samaki hai. Bila maji kutembea, mchanga nao unakosa hewa kwa haraka kuliko unavyodhani.

19 Mei 2024: Maji matamu baharini

Nilikwenda kuchota maji ya kubadilisha, madumu sita. Rangi yake ilikuwa nzuri. Kufika nyumbani haidromita: 1.020. Masika hii mvua imenyesha mpaka maji ya ufukweni yamepungua chumvi. Niliyamwaga yote sita barabarani, si uani. Sasa haidromita inakwenda nami pwani, na nikikuta chini ya 1.024 narudi na madumu matupu.

Utando mwekundu umekwisha, tarehe 11. Uliondolewa na pampu na njaa. Kulisha mara moja kwa siku, punje zinazoisha ndani ya dakika mbili, mtu mmoja tu mwenye ruhusa.

23 Juni 2024: Safi kupita kiasi

Hapa ndipo mradi uliponinyoosha kweli.

Baada ya ule utando nilijawa na hofu. Nikaweka chembe za kunyonya fosfeti kwenye chujio, 60,000. Nikawa navuta mchanga kwa mpira kila siku ya pili. Chakula nikapunguza tena. Mwanzo wa Juni vipimo vikasoma naitreti 0, fosfeti 0, na nikampigia mtu simu kujisifu.

Wiki mbili baadaye mchanga ukawa na kahawia nyengine. Hii haikuwa vumbi. Ni kamasi. Nyuzi nyuzi zinazoning'inia kwenye mawe, kila uzi una kipovu cha hewa kichwani, zinacheza kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Usiku mchanga unakuwa mweupe tena, kesho saa nane mchana kamasi zimerudi zaidi ya jana. Mimi, mwenye akili zangu, nikasema diatomu zimerudi. Nikavuta zaidi. Nikabadilisha maji zaidi. Zikaongezeka. Kisha konokono wakaanza kuanguka chali. Wanne kati ya sita wamekufa ndani ya wiki.

Kipimo nilichopaswa kufanya siku ya kwanza nimekifanya jana. Chukua kamasi kidogo na maji ya tangi kwenye chupa, itikise kwa nguvu mpaka iwe maji ya kahawia bila mabonge, ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha yale maji yaliyopita yaweke kwenye glasi mwangani. Kama ni diatomu au uchafu, hakitatokea kitu cha maana. Mimi nilikaa nayo kama nusu saa. Kwanza maji tu. Halafu vijiuzi vyembamba vikaanza kushikana katikati ya glasi, vikajikusanya tena kuwa kamasi, mbele ya macho yangu, kama vimeitana.

Leo nimepeleka tone kwa mwalimu wa bayolojia tuliyesoma naye, yeye anayo funguo ya maabara ya skuli. Kwenye hadubini tuliona vidubwana vyenye umbo la punje ya ufuta, upana upande mmoja na ncha upande wa pili, kila kimoja kimefungwa kwa ncha yake kama mbuzi kambani na kinazunguka palepale. Dinoflagelati, viumbe wengine wa chembe moja, na kwa mzunguko ule ni aina iitwayo Ostreopsis. Hawa wana sumu. Ndiyo iliyoua konokono. Nami mpaka juzi nilikuwa naanzisha mpira wa kunyonya kwa mdomo! Tangu leo mpira naujaza maji kwanza kwenye ndoo, na mikono naosha kwa sabuni kabla sijagusa uso.

Na sababu ni ile niliyojisifia kwenye simu. Tangi likiwa halina naitreti wala fosfeti, mwani wa kawaida na bakteria wema wanakosa chakula, wanapungua, uwanja unabaki mtupu. Dinoflagelati wanajua kuishi kwenye njaa. Kila nilipobadilisha maji na kuvuta mchanga nilikuwa nawafukuzia washindani wao.

7 Julai 2024: Kwenda kinyume

Nimetoa zile chembe za fosfeti, 60,000 imekwenda kapuni. Nimeacha kubadilisha maji. Nimeacha kugusa mchanga. Nawalisha mara mbili, kidogo zaidi ya wanavyomaliza, jambo ambalo miezi miwili iliyopita ningemgombeza mtoto kwa kulifanya.

Kuanzia Alhamisi usiku mpaka leo usiku ni giza la siku tatu: taa zimezimwa, tangi limefunikwa kwa blanketi na khanga mbili juu yake, pampu ya hewa inafanya kazi. Sina matumbawe hai, kwa hiyo hakuna cha kuumia kwa kukosa mwanga. Wageni waliokuja jana waliuliza kama tumefiwa na samaki.

Nilipofunua leo kuchungulia, mchanga ulikuwa mweupe. Sijafurahi bado, nimeshajifunza kutofurahi siku ya tatu.

28 Julai 2024

Zilirudi siku ya sita, lakini chache. Nimeongeza taa ya UV ya kupitishia maji, 110,000. Inafaa kwa aina hii kwa sababu usiku Ostreopsis wanauacha mchanga wanaelea majini. Ndiyo maana mchanga wangu ulikuwa unaonekana safi alfajiri. Walikuwa wametoka tu. Wakipita kwenye taa hawarudi. Aina nyengine zinazojichimbia mchangani usiku hazifiki huko, kwa hiyo usinunue kabla ya hadubini.

Naitreti 5, fosfeti 0.05. Kwenye kioo cha nyuma umeota mwani wa kijani, wa kawaida, wa kukwangua kwa kadi. Sijawahi kuuona mwani nikafarijika namna ile. Tasi anauchuma kutwa.

11 Agosti 2024: Jongoo

Kamasi hazijaonekana siku kumi na sita. Mchanga sasa una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, uchafu wa kawaida wa tangi lililokomaa, na sikutaka kurudi kwenye mpira na mwiko. Nilitaka mfanyakazi.

Nimekwenda kisiwa cha Uzi kwa bibi mmoja anayefuga majongoo ya bahari kwenye uzio wa nyavu. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa. Wanunuzi wake wanataka kilo, mimi nataka mmoja.

"Mwanangu, huyu hali samaki wako wala hali makombo yako. Anakula mchanga. Mchanga wako una umri gani?"

"Miezi mitano, bibi."

"Uliwahi kuufua?"

Nikakiri. Akatikisa kichwa. "Mchanga uliofuliwa hauna chakula. Mpe na mwani, ukaushe, uusage uwe unga. La sivyo atakonda mpaka umtafute humuoni."

Amenipa jongoo mmoja, wa aina iitwayo jongoo mchanga, urefu wa kiganja, kwa 10,000, na akaniambia jambo jengine ambalo nililifanya kabla hata sijamtia majini: sifongo kwenye mdomo wa kila pampu. Jongoo akinyonywa na pampu akachanika, sumu yake inaweza kumaliza samaki wote. Kwa tangi dogo kama langu mmoja ndiyo mwisho.

Mchana analala kazikwa, unaona ncha yake tu. Magharibi ikiingia anafumuka polepole, mchanga unamdondoka mgongoni, anaanza kutembea kwa kitu ambacho huwezi kukiita mwendo. Mbele anaingiza mchanga wa rangi ya chai, nyuma anatoa kitu kama tambi fupi zilizobanwa, na tambi zile zikivunjika ni mchanga mweupe. Watoto wamehama kutoka kwenye televisheni. Wa mwisho amegundua kuwa anafanya mzunguko mmoja wa tangi kwa usiku mmoja na nusu.

6 Oktoba 2024

Nimepima jongoo kwa rula kupitia kioo: sentimita 13, alikuja na 12, ingawa anajivuta na kujikunja hivyo usinishike sana kwa hiyo moja. Unga wa mwani kijiko kimoja cha chai kila siku ya tatu. Naitreti 5 hadi 8, fosfeti 0.06. Maji nabadilisha lita 20 kila bamvu, si zaidi. Jana maji ya Fumba yalikuwa 1.025.

Nimejumlisha kilichokwenda kwa ajili ya rangi ya mchanga peke yake: mchanga wa Dar na boti 200,000, vidonge 4,500, chembe za fosfeti 60,000, UV 110,000, jongoo 10,000, na maji ya kujazia wiki 35, ambayo ni 87,500. Jumla 472,000. Vioo vya tangi zima vilikuwa 260,000. Mpapai sikuutia.

Mchanga wa mbele ni mweupe. Pembe ya kushoto nyuma ya jiwe, palepale pa ule utando mwekundu, kuna doa la kahawia ya vumbi ambalo jongoo halifiki kwa sababu jiwe limembana. Mke wangu anataka nilifute. Nimekataa, nalipima tu kila Jumapili: wiki iliyopita sentimita 11, leo 9.